Zed Inakimbia Kweli, Lakini Kwenye Laptopu ya Nani?

Nimerudi. Nilikuwa Chwaka kwa shangazi yangu. Nilikwenda kwa siku mbili, nikakaa siku tisa. Kilichoniweka si pweza wala upepo wa ghuba, ingawa vyote vilikuwepo. Kilichoniweka ni programu moja ya kompyuta ambayo niliipigia debe kwa mtu kabla sijafikiri vizuri. Leo naeleza kosa langu, na humohumo natoa maoni yangu juu ya programu yenyewe, maana baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza kila tukikutana Forodhani.

Programu inaitwa Zed. Ni kihariri cha msimbo, yaani pale mahali ambapo mtu anayeandika programu anaandikia. (Wapo wanaosema "kihariri cha kodi". Mimi nikisikia kodi nawafikiria watu wa mapato, kwa hiyo nabaki na msimbo.) Sasa utauliza, mwandishi wa habari na vihariri vya msimbo wapi na wapi? Ndugu yangu, zama zimebadilika. Ukipewa jedwali la matokeo ya mitihani ya skuli zote, au vitabu vya bajeti vya miaka kumi, huwezi kuhesabu kwa kidole. Unaandika vijistari vya Python, unaiachia kompyuta itoe jasho. Mimi si programa na sitajiita programa, lakini kila siku kuna saa mbili tatu nakaa ndani ya kihariri. Ukikaa mahali saa tatu kila siku, unataka pawe pazuri.

Na watu wanagombana juu ya hivi vitu! Simba na Yanga cha mtoto.

Tuanze na sifa, maana Zed inazistahili. Walioitengeneza ni Nathan Sobo na wenzake, watu walewale waliotengeneza Atom kule GitHub. Atom ilitoka mwaka 2014, ikapendwa sana, na chini yake kulikuwa na kitu ambacho baadaye kilipewa jina la Electron. Electron ni ujanja mmoja mzuri na mzito: unachukua kivinjari kizima cha aina ya Chrome, unakifunga ndani ya programu yako, halafu unaandika programu kama vile unaandika tovuti. Kazi inakuwa rahisi kwa fundi. Kwa mtumiaji ni sawa na mgeni anayekuja kulala usiku mmoja akiwa amebeba kitanda, kabati na jiko lake. Mwaka 2015 Microsoft walitoa VS Code, na VS Code nayo ikajengwa juu ya Electron hiyohiyo. Mwaka 2018 Microsoft wakainunua GitHub kwa dola bilioni 7.5. Tarehe 15 Desemba 2022 Atom ikafungwa rasmi. Mtoto alizaa msingi, jirani akajenga ghorofa juu yake, kisha jirani akanunua kiwanja chote. Sijui kama kuna riwaya iliyopangwa vizuri kuliko hiyo.

Sobo na wenzake wakaanza upya. Safari hii wakaacha kabisa habari za kivinjari. Wakaandika kwa lugha ya Rust, na herufi za kwenye kioo wakaamua zichorwe na chipu ya michoro, ileile inayochora michezo ya video ya mpira unayocheza na wadogo zako. Wanalenga kuchora kioo mara 120 kwa sekunde. Zed ilianza kwa watu wa Mac, Januari 2024 ikafanywa programu huria, Julai mwaka huohuo ikafika Linux, na Oktoba 2025 ikafika Windows.

Kwenye laptopu yangu ya kazini, yenye umri wa miaka miwili na RAM ya GB 16, naapa raha yake huwezi kuielezea. Unabofya, imefunguka. Siyo "inafunguka", imefunguka. Nina faili moja la mistari kama laki 3 ambalo kihariri changu cha zamani kilikuwa kinalipokea kwa kuguna kwanza, nikaenda kupiga kahawa nikarudi. Humu linateleza. Lakini utamu mkubwa uko kwenye kuandika kwenyewe. Kuna kuchelewa fulani kati ya kidole na herufi ambako hukujui kama kupo mpaka siku kutakapoondoka. Ni kama mlio wa feni: unausikia ukizimwa.

Basi nikawa mtume. Kila ninayemwona, Zed. Na mmoja niliyemhubiria, kwa simu, ni binti wa shangazi yangu wa Chwaka. Yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma kompyuta, alikuwa nyumbani kwa likizo na alikuwa na kazi ya kukabidhi baada ya wiki mbili. Akaniambia, "Kaka, VS Code inaniua, laptopu inaganda." Nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye elimu: "Achana nayo, weka Zed, ni nyepesi." Neno hilo "nyepesi" ndilo lililonipeleka Chwaka.

Laptopu yake ni ya mwaka 2011. Imekuja mtumba, na mama yake ameilipia kwa pesa ya mwani. Wanaojua mwani wanajua maana ya sentensi hiyo. Ni kusubiri bamvua, maji yakauke mbali, kuingia baharini umeinama saa nyingi, kufunga vijiti na kamba, kuvuna, kubeba mzigo uliolowa, kuanika, na mwisho wa yote bei ya kilo unapangiwa na mnunuzi. Ndiyo laptopu hiyo. RAM GB 4. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwekea Linux mwaka jana ili ipumue.

Akanunua bando la wiki, akapakua Zed, akaifungua. Ikakataa. Ikamwambia haikuona kifaa inachoweza kukitumia.

Hapa nisimwonee mtu. Kosa si la Zed. Nyaraka zao zinasema waziwazi kwamba kwenye Linux Zed inataka chipu ya michoro inayoelewa Vulkan. Vulkan ni lugha ya kuongea na chipu za michoro, na ilitoka mwaka 2016. Laptopu ya mwaka 2011, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha pili, haijui Vulkan na haitakaa ijue. Ni kumuuliza babu nambari yake ya WhatsApp ya mwaka 1975. Mwenye kosa ni mimi, niliyesema "nyepesi" bila kuuliza mzigo huo mwepesi unabebwa na nani.

Nikapanda gari Ijumaa jioni, kama kilomita 30 na kitu kutoka mjini, Dunga ile pale, mpaka Chwaka, nikiwa na imani kwamba nitaitengeneza kwa usiku mmoja. Ipo namna ya kuilazimisha Zed ifanye kazi bila chipu, prosesa ichore kila kitu yenyewe. Tukajaribu. Ikafunguka kweli! Binti akapiga makofi. Kisha akaandika mstari mmoja, na herufi zikawa zinakuja moja moja kama wazee wanaotoka msikitini wakitafuta viatu. Feni ikaanza kulia. Betri, ambayo tayari ni ya kuombea dua, ikashuka tunaiangalia. Tukaizima.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho nadhani wachambuzi wengi wa programu wanakiruka. Kasi haiko ndani ya programu peke yake. Zed haikupunguza mzigo tu. Imeuhamisha, imeutoa kwenye prosesa na kuupeleka kwenye chipu ya michoro. Aliye na chipu nzuri anaona muujiza, asiye nayo anaona mlango umefungwa. Walioandika zile sifa wote walikuwa na mashine za miaka ya karibuni, na mimi nikiwa mmoja wao. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu alipima nyumbani kwake.

Kwa hiyo tukakaa barazani siku zilizofuata, tukapima nyumbani kwa shangazi.

VS Code, ile aliyoilalamikia, inafunguka. Niseme hivyo kwanza, maana ni sifa kubwa: kwenye mashine ya 2011 inafunguka na inafanya kazi zake zote. Ukiwa nayo peke yake, unavumilia. Shida ni kwamba mwanafunzi hayuko nayo peke yake. Ana kivinjari pembeni chenye somo, ana PDF ya mwalimu, na sasa ni vivinjari viwili vinagombania GB 4, kimoja kikiwa kimejificha ndani ya kihariri. Hapo ndipo inapoganda. Lakini upande wa pili, kila video anayoitazama inatumia VS Code, kila mwenzake darasani anayo, akikwama na kosa fulani atapata mtu aliyekwama nalo kabla yake. Kwenye uchunguzi wa kila mwaka wa Stack Overflow, zaidi ya asilimia 70 ya wanaojibu husema wanaitumia. Mwanafunzi peke yake kijijini, kundi kubwa kiasi hicho ni mwalimu wa ziada. Zed bado haina hilo, na viongezo vyake ni vichache mno ukilinganisha.

Sublime Text ni nyepesi kwelikweli, ipo tangu 2008, na hii ndiyo niliyokuwa naitamani nikiwa chuo. Ila si huria, na leseni yake ni dola 99, zaidi ya laki 2 za kwetu. Inakuruhusu kuijaribu bila kikomo huku ikikukumbusha kulipa. Binti akasema kitu nilichokipenda: hataki kuanza fani yake kwa kukumbushwa deni kila siku.

Geany hamtaisikia ikisifiwa popote. Ipo tangu 2005, huria, sura yake ya kizamani kama fomu ya kuombea pasipoti. Ikafunguka kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Kwenye mashine ya 2011! Inapaka rangi msimbo, inaendesha programu yako kwa kubonyeza kitufe kimoja, basi. Haikuonyeshi makosa kwa umahiri wa VS Code. Lakini pamoja na kivinjari na PDF ya mwalimu, laptopu ilikuwa inapumua.

Halafu kuna wazee wawili. Emacs ya GNU ni ya mwaka 1985, na enzi zake ilikuwa ikitaniwa kwamba inakula megabaiti 8 nzima za kumbukumbu. Megabaiti 8! Leo hata picha moja ya simu inaweza kuzidi hapo. Sikumpitisha huko, mimi mwenyewe sikuwahi kufuzu.

Vim nayo ina habari yake, na inatuhusu watu wa upande huu wa dunia. Babu yake ni vi, aliyoiandika Bill Joy mwaka 1976 kule Berkeley, Marekani. Alikuwa akifanya kazi kupitia modemu ya baudi 300, yaani herufi kama 30 tu kwa sekunde. Kujaza kioo kimoja cha maandishi kungemchukua dakika nzima. Ndiyo maana amri za vi ni herufi moja moja, x inafuta, u inarudisha. Ilizaliwa kwenye laini mbovu. Kwa hiyo ukiwa Chwaka, mtandao umelegea, na unataka kurekebisha ukurasa ulioko kwenye seva ya mbali, hakuna kinachokufaa kama kitu kilichoundwa na mtu mwenye shida kama yako.

Mjukuu, Vim, aliandikwa na Bram Moolenaar, Mholanzi, akaitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi mwaka mzima Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akiwa mhandisi wa maji na usafi. Eneo la Rakai, wakati UKIMWI unaacha yatima kila nyumba. Hakusahau. Vim ni bure, lakini kwa miaka mingi ukiifungua bila faili ulikutana na ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda, na michango ilikwenda kwenye kituo cha watoto cha Kibaale. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Nilipomsimulia binti, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hawajawahi kuambiwa hivyo darasani. Sikuwa na jibu.

Bado sijagusa bando. Vihariri vya kisasa, Zed na VS Code wote, vinategemea programu ndogo za msaada zinazoielewa lugha unayoandika. Mpango wenyewe waliuanzisha Microsoft mwaka 2016 wakauacha wazi kwa kila mtu, na wanastahili shukrani. Lakini programu hizo zinapakuliwa. Unafungua faili la Python, Zed inakwenda mtandaoni kimyakimya kukuletea msaidizi. Kwenye intaneti ya ofisi hulijui hilo. Kwenye bando la wiki la mwanafunzi, unalijua. Halafu toleo jipya karibu kila wiki. Ushauri wangu kwa mwenye bando: zima kujisasisha, sasisha mwenyewe ukiwa chuoni.

Na umeme je? Mimi nilikuwa mtoto Desemba 2009 kisiwa kizima kilipoingia gizani mpaka Machi 2010. Siku hizi si kama zamani, lakini unakatika, na ukikatika ukiwa na betri ya dakika arobaini, kila mzunguko wa feni ni dakika unayoipoteza. Programu inayotumia nguvu kidogo hapo si anasa.

Sasa mtasema nimeikana Zed. Hasha. Niliporudi mjini nimeifungua na naandika makala hii ndani yake. Sababu moja ni hiyo raha niliyoieleza. Nyingine ni leseni. Kihariri chenyewe kiko chini ya GPL, yaani ukitaka kukichukua na kukibadili ruksa, mradi nawe usifunge mlango nyuma yako. VS Code hapo ina mambo mawili mawili: msimbo wake ni huria, lakini ile unayoipakua kwa Microsoft ina leseni nyingine na inatuma taarifa za matumizi usipoizuia, na viongezo vyake kadhaa, kama Pylance ya Python, vinaruhusiwa ndani ya bidhaa za Microsoft tu. Ndiyo maana kukawa na VSCodium, msimbo uleule bila nyongeza hizo. Uzito ni uleule lakini, tusidanganyane.

Huria si neno la kupamba. Atom ilipofungwa, watu walichukua msimbo wake wakatengeneza Pulsar, ikaendelea kuishi. Na hapa kwetu, mwaka 2004, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Zed na VS Code ninazozitumia mimi hazijui Kiswahili, lakini mmojawapo naweza kuuingia na kuanza kutafsiri kesho bila kupiga hodi mahali.

Wasiwasi wangu kwa Zed ni mwingine. Agosti 2025 kampuni yake ilipokea dola milioni 32, wawekezaji wakiongozwa na Sequoia. Pesa ya namna hiyo haiji kutembea, inakuja kuvuna. Tayari sehemu kubwa ya habari zao mpya ni akili mnemba, ambayo ndiyo wanayouza kwa mwezi. Wameweka swichi ya kuizima yote, na mimi nimeizima. Nitaangalia kama swichi hiyo itakuwepo baada ya miaka mitano. Waliofiwa na Atom wanaruhusiwa kuwa na mashaka.

Kwa hiyo mkiniuliza, jibu langu sasa linaanza na swali: laptopu yako ni ya mwaka gani? Ikiwa ni ya miaka ya karibuni na una mtandao wa uhakika, jaribu Zed leo, hutajuta. Ikiwa uko darasani unafuata somo, baki na VS Code pamoja na wenzako, ivumilie. Ikiwa ni mtumba wa miaka kumi na zaidi, weka Geany, na usimwache mjanja yeyote wa mjini akuone mshamba kwa hilo.

Binti aliimalizia kazi yake kwenye Geany. Ilituchukua mpaka Jumamosi ya pili, kwa sababu siku nne za mwanzo nilizipoteza nikihangaika na Zed badala ya kukubali mapema. Alikabidhi siku mbili kabla ya mwisho. Shangazi alikuwa ametoka kuanika mwani, akauliza kompyuta imepona? Tukamwambia haikuwa inaumwa.

Jumapili nikapanda gari kurudi. Hatujafika Dunga, simu ikalia ujumbe.

"Kaka, nimeifungua ile ya Uganda. Nimeandika vizuri. Sasa natokaje humu?"

Nikamjibu abonyeze Esc, kisha nukta mbili, w, q, halafu Enter. Gari ikaingia kwenye shimo, nikaandika p badala ya q, ikabidi nitume tena.